Pangaboi Lililofukuza Mvua

Marahaba. Na wewe wa nyuma, marahaba, ingawa sauti yako haikufika vizuri. Kwetu Singida kijana anaweza kukosa kazi, akakosa mke, akakosa hata nauli ya kurudi nyumbani, lakini shikamoo hakosi. Kaeni. Huo mkeka hauna miiba.

Mmekuja kuniuliza habari za upepo kwa sababu mmesikia kwamba itajengwa mitambo mikubwa ya umeme, na kila mmoja wenu anataka awe fundi wake. Vizuri sana. Mimi nilikuwa fundi wa upepo kabla upepo haujapata heshima. Nilitengeneza pampu za upepo, yale magurudumu ya mabati yaliyokaa juu ya minara ya vyuma yakivuta maji ya visima. Watu wetu waliyaita mapangaboi. Nilizunguka nayo Ikungi yote, nikapanda Iramba, nikashuka hadi Rungwa ambako nyuki walinikimbiza kutoka juu ya mnara na sikumbuki nilitumia ngazi gani. Nilinuka grisi mpaka siku ya harusi yangu. Mke wangu anasema alidhani ni manukato ya mjini.

Juzi mjukuu wa jirani yangu hapa Unyambwa alinionyesha kwenye simu ramani yenye vimshale vinavyotembea. "Babu, huu ndio upepo," akasema. "Unatoka huku, unakwenda kule." Wakati huo huo upepo ukamvua kofia, ukaitupa kwenye banda la kuku. Nikamwuliza mshale wa hiyo kofia uko wapi. Yeye alikuwa anakimbizana na jogoo.

Sikilizeni basi. Watu wengi wanadhani upepo unatoka mahali fulani kama basi linavyotoka stendi. Kwamba huko mbali kuna mtu anapuliza. Mimi mwenyewe nilidhani hivyo mpaka nilipokutana na Mzee Kitundu, Mnyiramba wa Ulemo, fundi aliyenifundisha kazi. Alikuwa mkali, Mungu amrehemu. Ukishika spana vibaya alikupokonya, akakupa kijiko, akasema hicho ndicho saizi yako.

Siku moja aliniingiza jikoni kwa mkewe, akanikalisha sakafuni karibu na mlango. Moto ulikuwa unawaka. "Moshi unakwenda wapi?" akaniuliza. Nikamwambia unapanda juu. "Na miguu yako inasikia nini?" Miguu yangu ilikuwa inasikia baridi. Hewa ya nje ilikuwa inapenya chini ya mlango na kuja motoni. "Hapo umemaliza shule," akasema. "Hewa ikipata joto inatanuka, inakuwa nyepesi, inapanda. Ikipanda inaacha nafasi. Ile ya baridi, ambayo ni nzito, inakuja kuijaza. Huko kuja kwake ndiko unakokuita upepo. Dunia nzima ni jiko hili, ila kuni zake ni jua."

Akanieleza na yaliyobaki, nami nawaelezeni ninyi, msije mkasema mzee aliwanyima. Jua huchoma zaidi sehemu za katikati ya dunia, huku tuliko sisi na majirani zetu. Hewa ya katikati inapanda, inafika juu, inagawanyika, nyingine inakwenda kaskazini na nyingine kusini. Huko mbali inapoa, inakuwa nzito, inashuka. Inaposhuka mawingu hayatengenezeki, ndiyo maana majangwa makubwa yamepangana kwenye mistari hiyo hiyo, la kaskazini huko Sahara na la kusini huko Kalahari. Ikishatua chini inarudi tena kwetu, inatambaa juu ya ardhi na bahari kuja kujaza ile nafasi. Inapita hapa mbele ya nyumba yangu, inabeba kofia ya mjukuu wa jirani, inaendelea na safari.

Kuna mwenye akili hapa atauliza, kama hewa inatoka kusini kuja katikati, mbona upepo wetu wa kiangazi unatupiga kutoka upande wa mashariki? Nami niliuliza. Mzee Kitundu akauchukua ungo wa mkewe, akauweka chini, akaniambia niuzungushe kama mshale wa saa unavyokwenda. Halafu akachukua kipande cha mkaa, akakipitisha moja kwa moja kutoka katikati ya ungo kwenda ukingoni. Mkono wake ulikwenda umenyooka kabisa. Lakini tuliposimamisha ungo, mstari ulikuwa umepinda kushoto. "Katikati ya ungo ni ncha ya kusini ya dunia," akasema. "Dunia inazunguka, na upepo unajiendea zake. Upande wetu huu wa kusini unapindia kushoto. Kwa hiyo unaanza safari ukielekea kaskazini, unatufikia umekwisha kupinda, unatoka kusini mashariki. Kule kaskazini ya dunia unapindia kulia." Mkewe aliingia wakati huo akauona ungo wake. Maneno aliyoyasema siwezi kuyarudia mbele yenu, ila nakumbuka alimwambia mumewe akaizungushie dunia kwenye kofia yake, ungo wake ulikuwa wa kupepetea.

Na jua halikai mahali pamoja. Katikati ya mwaka liko kaskazini, kwa hiyo hewa nayo inapanda huko, na ule upepo wa kutoka kusini unatupita kwa nguvu ukikimbilia kwenye jiko. Hapo ndipo Singida inapovuma hadi mabati yanapiga kelele. Tuko juu ya uwanda, upepo umepanda kutoka chini ya bonde, umebanwa na milima huku na huku, unapita kwetu kama watu wanaogombea mlango mmoja. Mwaka ukienda mwishoni jua linarudi kusini, lile jiko linasogea mpaka juu ya vichwa vyetu. Sasa hewa hapa kwetu haikimbii tena, inapanda. Upepo unalegea, mawingu yanapandana, mvua inakuja. Shikeni hilo. Kiangazi upepo mwingi, masika upepo kidogo. Hilo ndilo lililotaka kunitoa roho, nitawaambia.

Kwanza lakini niwape ya bure kuhusu mahali pa kuusimamisha mnara. Kamati za vijiji zilipenda pangaboi liwe karibu na ofisi, ili mgeni akija alione. Kuna kijiji kimoja walinilazimisha nilisimamishe nyuma ya mwamba mkubwa, hayo majabali yetu mnayoyajua, kwa sababu ofisi ilikuwa pale. Nikawaambia upepo ukigonga jabali unavurugika, unajizungusha nyuma yake kama maji nyuma ya jiwe la mto. Wakasema mimi nifunge bolti, mambo ya uongozi niwaachie. Haya, nikafunga. Lile pangaboi liligeuka huku, likageuka kule, likazunguka kidogo, likasimama, likaanza kurudi nyuma, sawasawa na mlevi anayetafuta nyumba yake. Mwishowe walilihamisha, nao wakasema wazo lilikuwa lao. Mimi tangu hapo nikifika kijijini siulizi kamati. Natafuta mahali ambapo wanawake wanapepetea mtama. Mwanamke aliyesimama na ungo juani hapotezi muda mahali pasipo na upepo. Hapo hapo nachimbia mguu wa mnara.

Sasa nije kwenye kijiji chenyewe. Kiko upande wa Ikungi, jina silitaji, maana wenyewe wapo na simu wanazo.

Pangaboi lao lilikuwa zuri kuliko yote niliyowahi kuyasimamisha. Lilipatikana kwa jasho la mwanamke mmoja, Mama Elineema, mwenyekiti wa kamati ya maji. Alipita nyumba kwa nyumba akiomba watu wachimbe, wabebe mawe, wapike chakula cha mafundi. Ukimkatalia asubuhi alirudi jioni, ukimkatalia jioni ulimkuta asubuhi amekaa mlangoni kwako anasuka ukili. Sababu yake kila mtu aliijua. Kabla ya pangaboi, kiangazi wanawake walichota maji mtoni, na mto wenyewe ulikuwa mchanga mtupu. Walichimba mashimo kwa majembe na bakuli, kila wiki marefu zaidi, mpaka aliyeko ndani haonekani, anapokelewa kibuyu tu. Shimo la namna hiyo lilimporomokea mdogo wake Mama Elineema. Walipomfukua alikuwa ameshika bakuli. Alikuwa hajaolewa bado.

Basi miaka ilipita, maji yakatoka, mashimo ya mtoni yakasahauliwa. Halafu mvua ikachelewa mwaka mmoja, na mwaka uliofuata ikachelewa tena. Mtu akichelewewa na mvua anatafuta wa kumlaumu. Wakaanza na waliovaa nguo nyekundu shambani, wakaja kwa mchungaji, wakaja kwa shehe, na hao walipojitetea vizuri wakainua macho wakaliona pangaboi. Kubwa, refu, liko juu peke yake, linazunguka mchana kutwa likiwa limeelekea upande ule ule ambako mawingu hutokea. Ndugu zanguni, feni ya dukani inafukuza nini? Nzi. Na hili lenye ukubwa wa nyumba litafukuza nini?

Mkutano wa kijiji uliamua ling'olewe Jumamosi. Mama Elineema alipanda lori la vitunguu, akanifuata mjini. Hakuketi hata nilipomsogezea kigoda. "Fundi," akaniambia, "wanataka kuturudisha mtoni. Njoo uwaeleze huo upepo wako. Ukishindwa kuwaeleza, njoo hivyo hivyo."

Nikaenda. Nilijiamini, msinione hivi. Nilikuta wazee wamekaa mbele, vijana nyuma, akina mama pembeni. "Shikamooni, wazee wangu." "Marahaba, Fundi. Karibu. Umewahi kuja kuliaga pangaboi lako."

Niliwasomesha. Niliwasha moto, nikawaonyesha moshi. Niliazima ungo, nikachora kwa mkaa, mwenye ungo akaguna. Nikawaambia pangaboi halipulizi upepo, upepo ndio unaolisukuma, kama mkokoteni na ng'ombe, nani anamvuta mwenzake? Walinisikiliza kwa utulivu mkubwa. Watu wetu ni wasikivu sana. Watakusikiliza mpaka mwisho, watakushukuru, kisha watafanya walichokuwa wameamua kabla hujaja.

Akasimama Mzee Njiku, mkubwa wao, mtu wa maneno machache. "Fundi umesema vizuri. Mimi nauliza kidogo tu. Kiangazi pangaboi linazunguka?"

"Linazunguka, mzee."

"Mvua inanyesha?"

"Hainyeshi."

"Masika pangaboi linazunguka?"

"Kwa uvivu tu. Mara nyingi limesimama."

"Na mvua?"

"Inanyesha."

"Sasa tunabishania nini?"

Mkutano mzima ulicheka, na mimi nikatafuta pa kuweka uso. Maana ushahidi alikuwa nao, jamani! Kila neno lilikuwa la kweli. Alichokosea ni kimoja tu, nacho hakionekani kwa macho: kwamba si upepo unaofukuza mvua, ila jua ndilo linalowabadilisha zamu wote wawili. Nikajaribu kulisema hilo. Mzee mmoja akaniuliza kwa upole kama nimekula.

Hapo ndipo Mama Elineema aliposimama. Nilidhani atanitetea. Akasema, "Fundi anatuchosha. Wazee wamesema kweli, pangaboi linafukuza mvua."

Nikamkodolea macho. Mwanamke huyu huyu aliyepanda lori la vitunguu!

"Lakini nawauliza," akaendelea, "mbwa wako akiwabwekea wageni, unamuua? Unamfunga. Wageni wakishaingia ndani unamfungua, maana kesho utamhitaji. Basi tulifunge. Mvua ikishaingia tulifungue. Kulikata ni kazi ya siku moja, kulirudisha nani ataweza?"

Mzee Njiku akatikisa kichwa polepole, akasema kwamba hilo ni neno. Na wazee wote wakatikisa.

Mimi nilikasirika, siwafichi. Nimekuja na dunia nzima kwenye ungo, imeshindwa na mbwa. Lakini kulifunga pangaboi ni rahisi. Chini ya mnara kuna mkono wa chuma wenye waya. Ukiuvuta, mkia unajikunja, gurudumu linaugeuzia upepo ubavu, linasimama. Nikauvuta, likasimama. Wazee wakasema hapana. Waya hauonekani, mtu akiwa mbali atajuaje kwamba limefungwa? Wakaleta kamba ya katani, nene, ya kufungia fahali, nikapanda juu nikalifunga gurudumu kwenye mguu wa mnara mbele ya kijiji kizima. Kabla sijapanda, Mama Elineema alikuwa amenihimiza niuachie tena ule mkono, tusubiri hadi tangi la maji la kijiji lijae pomoni. Kisha akafunga bomba kwa kufuli, ufunguo akautia kwenye pindo la khanga. Nami nikaambiwa sitaondoka. Si kwamba nimekamatwa, la. Ni mgeni tu asiyeruhusiwa kwenda kwao.

Tukasubiri mvua.

Kila asubuhi Mama Elineema aligonga tangi kwa kokoto, akianzia juu akishuka, anasikiliza pale mlio wa debe tupu unapogeuka kuwa mzito. Kila asubuhi mahali hapo palikuwa pameshuka. Aligawa maji kwa kipimo, akawanyima hata ndugu zake. Wakamwita majina. Joto lilikuwa la kutisha, kuku walitembea midomo wazi. Wazee walikaa kivulini wakiitazama kamba, na mimi nikiitazama pia, kwa sababu hakukuwa na kitu kingine cha kutazama.

Halafu asubuhi moja tukakuta wanawake wameshika majembe na vibuyu, wanaelekea mtoni. Tangi lilikuwa linalia tupu karibu mpaka chini. Mama Elineema aliwatangulia, akasimama katikati ya njia, mikono ameitandaza. Hakupiga kelele. "Atakayeshuka shimoni," akasema, "aniambie kwanza nimweleze mama yake nini." Mmoja akamjibu kwamba watoto wana kiu, na kiu haingoji. Lilikuwa jibu la haki. Akawagawia ndoo za maji zilizokuwa zimebaki nyumbani kwake mwenyewe, wakarudi kwa siku ile.

Niliogopa. Nikamvuta pembeni. "Nipe ruhusa nikalifungue. Upepo ni mdogo, lakini tutapata ndoo kadhaa."

"Ukilifungua leo na mvua ikakataa," akasema, "kesho watakuja na msumeno. Na hapo tutashuka mtoni maisha yetu yote, sisi na wajukuu zetu. Wewe unayejua mambo ya mbinguni niambie, inakuja au haiji? Nataka kujua kama nawaua watu."

Nikatazama. Moshi wa majikoni ulikuwa unapanda wima kama nguzo. Ule upepo wa mashariki, uliotupiga miezi yote, ulikuwa umekatika. Mchana mawingu yalianza kupandana upande wa mashariki, yakawa marefu kwenda juu, jioni yakayeyuka. Nikamwambia kweli yangu yote: "Jiko limefika juu yetu. Hewa inapanda. Inakuja. Siku siijui."

"Hunidanganyi?"

"Sikudanganyi."

"Basi naiegemea hiyo sayansi yako," akasema, akarudi kugonga tangi.

Ilikuja mchana wa siku iliyofuata. Kwanza giza upande wa mashariki, halafu ukimya, hata mbuzi walinyamaza. Halafu ule upepo. Msidhani ni upepo wa kiangazi, huu ni mwingine kabisa. Wingu la mvua ya kwanza likizidiwa, hewa baridi inaporomoka kutoka juu pamoja na matone, ikigonga chini inatawanyika pande zote kama uji uliomwagika. Ulikuja na ukuta wa vumbi jekundu. Uling'oa paa la stoo ya shule, ukabeba beseni, ukabeba mkeka, niliona kuku akiruka safari ambayo hakuikusudia. Mnara ukalia. Gurudumu lilikuwa ubavu, mkia umekunjwa, kamba imekaza, upepo ukapita pembeni yake haukupata pa kushika. Kisha mvua ikashuka, mvua ya kweli, matone mazito, harufu ile ya udongo mnayoijua. Watu walitoka nje wakasimama ndani ya mvua na nguo zao. Mzee Njiku alikuja akanipiga begani, maji yanamtiririka ndevuni.

"Umeona, Fundi?"

"Nimeona, mzee."



Sasa kuna kijiji cha jirani, nacho kilikuwa na pangaboi langu. Hao ni wasomi. Nilipowasomesha upepo walinipigia makofi, wakauliza maswali mazuri, wengine wakachora. Waliposikia wenzao wamefunga pangaboi kwa kamba ya fahali walicheka wiki nzima. Mimi niliwaambia mara nyingi wauvute ule mkono wa chuma wakiona dhoruba, na walielewa vizuri sana, wangeweza hata kukufundisha. Siku ile wingu lilipotokea, aliyekabidhiwa mkono alikuwa mnadani, na wengine wote walikimbilia kuanua nguo. Pangaboi lilizunguka mpaka halionekani, likapasuka. Bawa moja tuliliokota kwenye shamba la alizeti mbali huko, limesimama wima kana kwamba limepandwa.

Wiki ile ile ujumbe wao ulifika kwetu, wameinamisha vichwa. Walikuja kuazima kamba, ya kufungia pangaboi litakalofuata.

Na tangu mwaka huo, kila upepo wa kiangazi ulipoanza kulegea, nilitumiwa mtu. Nilifika, nikapewa uji, nikapanda na kamba mbele ya wazee. Nikiwa huko juu nilitia grisi, nilikaza nati, nilibadilisha kilichochakaa, kwa sababu gurudumu limesimama na hakuna anayenisumbua. Nilikuwa fundi serikalini na mleta mvua kijijini, na hiyo kazi ya pili ndiyo iliyonipa heshima. Mapangaboi ya wasomi wa vijiji vingine yalianguka moja baada ya jingine. La wajinga wangu halikuwahi kupoteza hata bawa. Mtu akiniuliza nani alikuwa na elimu pale, huwa naomba chai kwanza.

Niliwahi kumwambia Mama Elineema, tukiwa wawili, kwamba kamba haikuleta mvua. Alinitazama kama mtu anayemhurumia mtoto. "Baba, nilikuwepo kwenye ungo wako. Nilielewa kabla hujamaliza," akasema. "Lakini mtu akielewa upepo wako, mvua ikichelewa anabaki na hasira na hana pa kuipeleka. Akiwa na kamba, anafunga kamba."

Mwaka jana nilikwenda kumsalimia. Kisima sasa kina pampu ya umeme wa jua. Pangaboi limestaafu kama mimi, halivuti hata kikombe, na bado wanalifunga kila mwaka. Paneli za jua hazijashtakiwa kwa lolote, nangoja. Mama Elineema amezeeka, anatembea kwa fimbo, lakini alitaka tufike mtoni, akamwita mjukuu wake Neema amshike mkono. Neema ni binti wa sekondari sasa, mrefu, umri wake ndio ule ule wa mdogo wake bibi alipofukiwa.

Mto ulikuwa mkavu, mchanga umetanda sawasawa, hakuna shimo hata moja. Bibi akasimama, akanyoosha fimbo mahali fulani katikati. "Pale," akasema, "ndipo tulipokuwa tunachota maji."

Neema akatazama mchanga, akamtazama bibi, akanitazama na mimi. Kisha akaangua kicheko, akacheka mpaka akainama. "Bibi jamani! Maji? Kwenye mchanga?"

Nikafungua mdomo nimweleze. Mama Elineema akanikanyaga mguu.

"Mwache acheke," akasema.